Kutafutia Gari ya Baba Injini

Gari ya baba ilikuwa ya milango miwili, ya spoti, na ilikuwa imelala chini sana. Ukiingia ndani ulikuwa kama umeketi kwa nyasi. Nikiwa mdogo alikuwa ananibeba nayo mpaka Wamagana kununua mkate, na kwa sababu mimi nilikuwa mfupi na kiti iko chini, sikuwa naona barabara hata kidogo. Nilikuwa naona vichwa vya miti, waya za stima na mawingu. Kwa miaka mingi niliamini kuenda Wamagana ni kupita huko juu, halafu mtu anashuka mara moja mbele ya duka.

Hiyo gari haikuwa ya watu kama sisi. Baba alikuwa dereva wa daktari mmoja wa Nyeri mjini, na daktari alipohama nchi akamwachia. Baba akaiendesha miaka mingi. Halafu siku moja, akipanda mlima kutoka mjini, kitu kililia ndani na moshi mweupe ukajaa. Fimbo moja ya pistoni ilikuwa imevunjika ikatoboa injini ubavuni. Shimo yenyewe ilikuwa kubwa, ngumi yangu iliingia. Injini ikatolewa ikawekwa nyuma ya nyumba ya kuku, na gari ikasukumwa mpaka kwa shed ya nyasi ya ng'ombe.

Baba hakulalamika. Mwaka huo huo aliwacha kazi ya udereva aliyopata kwa wengine baada ya daktari, na polepole akaanza kukaa ndani ya hiyo gari. Asubuhi akimaliza kukamua anafungua mlango, anaketi kwa kiti ya dereva, anaweka redio ndogo juu ya dashibodi na kikombe ya chai kwa mapaja. Anakaa hapo mpaka saa saba. Mtu akimwita waende sokoni anasema kesho. Waliomwita wakachoka kumwita. Mimi nikipita na nyasi ya napia nilikuwa namwona kupitia kioo, ameshika usukani na mkono mmoja, anaangalia ukuta wa mbao kama mtu anangoja ifunguke.

Halafu mama akasema gari lazima itoke. Haikuwa ubaya. Msimu wa baridi uliopita ndama wetu alikufa. Ilinyesha siku tatu ile mvua nyembamba ya kwetu Tetu isiyokuwa na sauti, ndama akashikwa na kifua, na mama akakaa naye amemfunika na koti yake mwenyewe mpaka akanyamaza. Sasa ng'ombe ilikuwa na mimba tena na baridi ilikuwa inarudi.

"Ng'ombe ikizaa, ndama analala kwa shed," mama alisema tukikula. "Nimeongea na yule mtu wa vyuma kuukuu wa mjini. Siku ile itazaa nampigia anakuja na lori."

"Sawa," baba akasema.

Hiyo sawa ndio ilinishtua. Nilijiuliza, gari ikienda, huyu mtu atakaa wapi?

Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, nangoja barua ya koleji, na kungoja ni kitu sikuwahi kujua kufanya. Nikamfuata baba kesho yake kwa shed.

"Baba, nikikuletea injini?"

"Ya kutoka wapi?"

"Popote."

Alipunguza redio. "Ikiingia bila kukata gari, Mami, tutaongea na mama yako. Ikitaka kukatakata, wacha iende tu ikiwa nzima."

Baba huniita Mami kwa sababu mimi ndio nilipewa jina ya mama yake. Hata akiwa amekasirika ananiita hivyo, na inakuwa ngumu kukasirika vizuri.

Ng'ombe ilikuwa imebakisha kama wiki mbili. Kila asubuhi nilikuwa naangalia kiwele chake vile watu wengine wanaangalia saa.

Kwetu tunachuna chai na fito. Ni kijiti kirefu, kimenyooka, unakilaza juu ya majani kama unapima meza. Majani yaliyo juu ya fito unachuna, yaliyo chini unawacha. Nimechuna hivyo tangu darasa la tatu. Sasa nilichukua fito ya mama, nikafungua boneti ya gari, nikailaza mahali injini ilikuwa inakaa. Nikakata alama moja na kisu hapa kwa urefu na nyingine pale kwa upana, nikaingia Karatina peke yangu nikiwa nimeibeba kama bunduki.

Pale Karatina kuna mahali wanauza injini zimetoka Japani. Zilikuwa zimepangwa kwa laini chini ya mabati, zingine zimefunikwa na nailoni, zimetulia kama wagonjwa kwa wodi. Harufu ya oili ilikuwa tamu. Nilitembea katikati yao polepole, na nakumbuka niliogopa kuongea kwa sauti nisiamshe moja.

"Unatafutia gari gani?" mwenye duka akauliza. Alikuwa kijana mnene, anakula mahindi ya kuchoma.

"Ya spoti."

"Spoti ya sasa ama ya babu?"

"Ya babu."

"Na fundi yako ako wapi?"

"Niko na fito."

Aliangalia fito, akaangalia mahindi yake, akacheka mpaka akakohoa. Lakini alinipeleka pole pole kutoka injini moja mpaka nyingine. Ile ya saba ilikuwa ndogo, inang'aa kama sufuria mpya. Nililaza fito juu yake. Urefu ukaingia na upana pia ukaingia, na nafasi ya kidole kimoja ikabaki. Nikamwambia ni hii.

"Ikikataa irudishe kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, upate pesa yako," akasema. "Na usiifungue."

Fundi ninayemjua ni mzee wa kutoka magharibi. Alikuja Nyeri kufanya kazi kwa gereji ya serikali, akamaliza, akakosa kurudi kwao, na sasa anaongea Gikuyu kunishinda. Alikuja kwetu na pikapu yake ikiwa imebeba hiyo injini, akasimamisha miti mitatu juu ya gari, akafunga mnyororo. Injini ikapanda, ikazunguka kidogo hewani kwa ukungu, halafu ikashuka mahali pake bila kugusa kitu. Baba alikuwa ameketi kwa ndoo, ameshika magoti. Nilimwona akitabasamu. Ilikuwa kitambo.

Fundi akashusha boneti. Boneti haikufunga. Ilikuja mpaka ikagusa kitu, ikabaki wazi nusu mkono, kama mdomo wa mtu amesinzia kanisani.

"Daktari," Fundi akasema. Alikuwa ananiita hivyo akitaka kunichokoza. "Ulipima urefu?"

"Nilipima."

"Upana?"

"Pia."

"Na kimo?"

Alichukua fito kutoka kwa ukuta, akaisimamisha wima kando ya injini, akaniangalia.

"Watu wa chai," akasema. "Nyinyi mnapimanga kitu ile juu peke yake. Ya chini ni ya nani?"

"Si tutoboe shimo kwa boneti," nikasema haraka. "Nimeona zingine ziko na shimo. Inakaa hata poa."

"Hapana," baba akasema. Hakuinua sauti. Aliinuka kwa ndoo, akaichukua, akaenda kukamua ile ng'ombe ingine, na bado saa ya kukamua ilikuwa haijafika.

Ile injini ikarudi Karatina, na kati ya kuileta na kuirudisha, wiki nzima ikawa imeenda. Kiwele cha ng'ombe kilikuwa kimeanza kukaza. Siku ya kuirudisha, Fundi alipomaliza kufunga kamba, alienda nyuma ya nyumba ya kuku kunawa. Akakaa sana. Nikamfuata, nikampata amechuchumaa mbele ya ile injini ya zamani yenye shimo, anakwangua matope na bisibisi.

"Hii nimewahi kuisikia ikivuta maji," akasema.

"Injini ya spoti ivute maji?"

"Wewe unafikiri hao watu walikuwa wanaunda injini mpya kwa kila gari? Hii ndio walikuwa wanaweka kwa pikapu ndogo, zile zilikuwa zinabeba kahawa. Ni hii hii. Spoti ni shati tu walivalisha." Akafuta bisibisi kwa suruali. "Kuna cucu mmoja, nyanya wa huko Gakindu, ako nayo kwa mto. Nilimtengenezea siku moja."

"Fundi, na mbona hukuniambia mapema?"

"Wewe ulikuja na fito. Swali hukukuja nayo."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Kwa kitabu yangu ya kuandika mambo ya kila siku niliandika sentensi moja tu, kwamba nimepoteza siku saba za baba.

Tulishukisha ile ingine Karatina, na kesho yake tukaenda Gakindu. Ukitoka kwetu ukishuka upande wa Mukurweini hewa inabadilika. Baridi inakuacha mlangoni, chai inaisha, kahawa inaanza, na udongo unakuwa mwekundu zaidi. Cucu tulimpata kwa shamba, amevaa gamubuti na kofia ya sufu. Alikuwa mrefu na hana haraka hata kwa macho. Fundi akamweleza. Cucu akasikiza yote, halafu akatushukisha na njia ndogo katikati ya kahawa mpaka kwa mto, mahali nduma zilikuwa zimejaa, majani yake makubwa yamebeba maji ya mvua.

Injini ilikuwa chini ya kibanda ya mabati, imefungwa kwa simiti na bolti nne. Bwana yake alikuwa ameitoa kwa pikapu iliyooza akaiunganisha na pampu, na tangu hapo ilikuwa inapandisha maji mpaka juu kwa shamba. Sasa binti yake alikuwa amemwekea pampu ya stima. Niliiangalia. Ilikuwa nyeusi, mbaya, imejaa grisi. Nikaiangalia kimo kwanza.

Cucu akaweka hendeli, akazungusha mara mbili, ikawaka.

"Ni poa, Cucu," nikasema. "Tunaweza kuongea."

"Kaa."

"Niko na haraka kidogo. Ng'ombe yetu..."

"Ng'ombe yenu haiko hapa. Kaa chini, kairitu, wewe msichana. Mtu akija kuona injini anaisikia ikianza, anasema ni nzuri. Kuanza hata mbaya inaanza. Ngoja ipate joto yake, uisikie ikiwa imechoka."

Nikaketi kwa jiwe. Fundi alikuwa amelala tayari kwa nyasi, kofia kwa uso. Mwanzo nilikuwa nahesabu dakika. Niliona ng'ombe yetu ikizunguka, niliona lori ya vyuma ikiingia kwa gate. Lakini ile sauti ilikuwa moja, nzito, haina mwanzo, na maji yalikuwa yanapita kwa paipu kando ya mguu wangu, nayasikia yakipanda. Nikaanza kufikiria kwamba hii injini imetembea miaka yote hiyo na haijawahi kufika mahali. Imezunguka na kuzunguka hapa chini kwa nduma, na kilichoenda mahali ni maji. Nikaona baba ameketi kwa gari isiyo na injini, na huku injini isiyo na gari, kila mmoja bonde yake, ukungu katikati. Sijui kama nililala. Nilipofungua macho jua ilikuwa imehama upande mwingine wa mto na ile sauti haikuwa imebadilika hata kidogo.

"Inatosha," Cucu akasema, akaizima. Masikio yangu yakabaki yakilia.

"Tuibebe leo, Cucu?"

"Mwenye gari ni nani?"

"Ni baba."

"Ako hai?"

"Ako."

"Basi akuje. Hii imenisomeshea watoto wanne. Siwezi nikapatia msichana ameteremka hapa na fundi, aifunge kamba aende. Akuje tuongee nijue inaenda kwa mtu wa aina gani."

Nilijaribu kubishana. Nilimwambia baba yangu hatokangi, ni mtu wa nyumbani siku hizi. Cucu alikuwa anavunja majani ya nduma akiyaweka kwa kiondo. Akasema sawa, kama hatokangi injini itamngoja.

Jioni, kukiwa bado na mwanga, nilimwambia baba. Alikuwa kwa gari. Nilisimama kwa mlango na nikamweleza yote, kimo, sauti, mto, na kwamba anaitwa. Alifuta vumbi kwa usukani na kidole gumba.

"Gakindu ni mbali," akasema.

"Fundi atatubeba."

"Hata shati sina."

Mama alikuwa anapita na ndoo ya machicha ya kulisha ng'ombe. Hakusimama.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na shati nyeupe imepigwa pasi, imening'inizwa kwa mlango wa gari. Baba aliizunguka mara mbili. Halafu akaangalia ng'ombe. Ilikuwa imekataa kula, inainua mkia, inalala inaamka.

"Leo inazaa," akasema. "Siwezi kuenda."

"Hii ng'ombe nimeizalisha mara tatu," mama akamwambia. "Wewe ulikuwa umeshika tochi tu. Enda."

"Na lori?"

"Si umeambiwa uende."

Akavaa shati. Akanyoa ndevu kwa kioo cha gari, akainama chini kabisa kwa sababu hicho kioo ni cha watu walioketi. Fundi akapiga honi kwa gate. Mama na mimi tulisimama kwa zizi tukimwangalia akishuka na njia, mkono mmoja kwa mfuko, hajui aweke wapi ule mwingine. Ukungu ukamchukua kabla afike kwa barabara.

"Sijui ni lini nilimwona mwisho akitoka hapa akiwa anajua anaenda wapi," mama akasema. Alisema kama anaambia ng'ombe.

Ndama alitoka saa tano. Alikuwa jike, mweusi na doa nyeupe kwa paji, na mvua ile nyembamba ilikuwa imeanza. Mama alimfuta na gunia mpaka akasimama, miguu inatetemeka. Halafu akageuka akaangalia shed.

"Ingia ndani ushike usukani," akaniambia.

Akaita akina mama wawili waliokuwa wanachuna chai upande wa pili, wakaja na vikapu bado mgongoni. Mmoja akauliza kama leo ni harusi. Mama akawaambia wasukume wawache maneno. Niliketi kwa kiti ya baba. Redio ilikuwa hapo na kikombe yake. Magurudumu yakalia, yakakataa, halafu gari ikatoka kinyumenyume kwa mwanga, pole pole sana, kama boti, na mimi nikiwa ndani nikigeuza usukani vile mama alikuwa anapiga kelele. Tuliizungusha mpaka nyuma ya jikoni, chini ya avokado. Ndama akabebwa akawekwa kwa nyasi kavu.

Nilikuwa nangoja apige simu. Alipiga. Nilisimama kwa mlango wa jikoni nikamsikia.

"Habari yako. Ndio, imezaa. Hapana, usikuje." Akanyamaza akisikiza. "Si hiyo. Hata ukiongeza. Mwenye gari ameenda Gakindu." Akanyamaza tena. "Kwani mimi ndio mwenyewe? Ameenda Gakindu, nimekwambia."

Halafu akachukua ile nailoni kubwa ya buluu alikuwa amenunulia ndama, akaipeleka nyuma ya jikoni, akafunika gari, akaweka mawe kwa kona zote nne.

Pikapu ilirudi saa kumi. Baba alikuwa nyuma, amesimama kando ya injini, mkono wake juu yake kama anashika mtu bega, na shati yote imekuwa nyeusi kwa grisi. Aliruka chini kabla gari isimame. Jambo la kwanza aliangalia shed. Akaona ndama, akaona nyasi, akaona mahali gari ilikuwa inakaa. Sijawahi kuona uso ukiteremka hivyo. Fundi pia aliona, akaanza kufungua kamba.

"Imezaa nini?" baba akauliza.

"Jike," mama akasema. "Na hiyo kitu yako iko nyuma ya jikoni. Usiniangalie hivyo."

Alienda nyuma ya jikoni. Tulisikia nailoni ikiinuliwa. Alikaa huko kidogo, na aliporudi akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka tukamaliza kukula. Kumbe Cucu alikuwa amemkalisha kwa lile jiwe masaa mawili. Alikuwa amemuuliza ni daktari yupi alimwendesha, na wazazi wake walitoka wapi, na mbona aliwacha injini ya kwanza ikose oili. "Aliniuliza hivyo hivyo," baba akasema. "Mbele ya Fundi. Na ni ukweli, sikuwa nimeangalia oili." Mama aliwacha kijiko kwa sahani. Hiyo hakuwahi kutuambia. Alikuwa amekaa nayo kwa gari miaka hiyo yote.

Injini iliingia Alhamisi. Bolti zilikubali mahali pa zamani, na boneti ikafunga bila kusukumwa. Baba alienda mjini mwenyewe kubadilisha namba ya injini kwa logibuku, akarudi na soksi mpya, na habari za watu wanane.

Sasa gari inakaa hapo chini ya avokado. Si ya kasi tena, Fundi anasema inatembea kama bado imebeba kahawa. Lakini asubuhi nyingi nikiamka nikienda jikoni kuwasha moto, naangalia huko nyuma na hapana kitu. Kuna mawe manne, nailoni imekunjwa, na kipande cha udongo mkavu chenye umbo la gari, kuku wamelala juu yake.